Nani Aliilipia Trakti ya Bure?

Tarehe 18 Oktoba 1773, Phillis Wheatley wa Boston alimwandikia barua David Wooster, bwana mmoja wa mji wa New Haven. Alikuwa binti wa miaka ishirini hivi. Miaka kumi na miwili nyuma alishushwa kwenye bandari hiyohiyo ya Boston kutoka katika meli ya watumwa iliyotoka Afrika Magharibi, akiwa mtoto ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Meli ile iliitwa Phillis, na jina hilo ndilo alilopachikwa. Sasa kitabu chake cha mashairi, ambayo mengi ni ya kumcha Mungu, kilikuwa kimetoka London, na nakala zake alikuwa akizingojea. Barua yake ni ya mfanyabiashara. Anamwarifu Wooster kwamba bwana wake amemwacha huru, na kwamba atakachopata sasa ni chake mwenyewe. Anamwomba amtafutie watu wa kujiandikisha kununua, kwa kuwa nusu ya mauzo ni haki yake. Kisha anaongeza ombi moja, nalo ndilo linalonirudisha kwenye barua hii kila mara: azungumze na wapiga chapa wa New Haven wasije wakakichapa kitabu chake upya, maana wakifanya hivyo yeye hatapata kitu.

Tunapozungumzia vitabu vya dini katika miji ya mwanzo ya Marekani, tumezoea kuanza na mtambo wa chapa, kisha mhubiri, kisha uamsho. Mimi naona tuanze na swali ambalo Phillis alilijua kabla ya wengi: nani analipa? Kila karatasi yenye jina la Mungu iliyopita mikononi mwa watu wa Boston, Philadelphia na New York ilikuwa imelipiwa na mtu. Alipolipa msomaji, karatasi ilisema namna moja. Alipolipa mfadhili, ilisema namna nyingine, na mambo mengine haikuyagusa kabisa.

Msomaji aliyelelewa katika nyumba ya Kikristo kwetu Afrika Mashariki anazijua trakti. Ni kile kijitabu cha kurasa nne au nane unachopewa stendi kabla basi halijaondoka, chenye kisa cha mlevi aliyeokoka na swali la mwisho linalokulenga wewe. Umbo hilo lilikomaa Uingereza na Marekani kati ya miaka ya 1790 na 1830, likaletwa huku na wamisionari. Kwa hiyo habari ninayoisimulia ni ya Wamarekani, lakini karatasi yenyewe tumeishika.

Dini iliuzika kule tangu siku za kwanza. Kitabu cha Zaburi kilichochapwa Cambridge, ng'ambo ya mto kutoka Boston, mwaka 1640, kilitolewa nakala 1,700, na leo zimebaki 11 tu. Nyingine zilisomwa na kuimbwa hadi zikaisha. Mwaka 1662 Michael Wigglesworth alitoa shairi refu kuhusu Siku ya Hukumu, na nakala 1,800 zikamalizika kwa muda wa mwaka mmoja hivi, katika koloni lenye watu wachache kuliko wilaya zetu nyingi. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mahubiri ya moto yalijiuza.

Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Philadelphia ambaye mwenyewe hakuwa mtu wa kanisani sana, aliliona hilo upesi. George Whitefield, mhubiri wa uamsho kutoka Uingereza, alipofika Philadelphia mwishoni mwa 1739 na kuhubiri mbele ya maelfu ya watu, Franklin alifungua daftari la kujiandikisha kwa ajili ya mahubiri na shajara zake. Waliojiandikisha wakawa wengi kuliko nakala zilizochapwa. Ndipo Franklin akatangaza katika gazeti lake kwamba waliokwisha kulipa, au watakaokuja na pesa mkononi, ndio watakaotangulizwa. Simlaumu. Karatasi ilikuwa ghali, wino ulikuwa ghali, na mpiga chapa aliyekopesha mji mzima alifunga duka. Ila hapo utaona jinsi uamsho ulivyoanza kupita kwenye mlango wa daftari: aliyekuwa na pesa aliingia kwanza.

Whitefield alifariki Septemba 1770, na ndani ya majuma machache ombolezo la Phillis Wheatley likawa linauzwa mitaani Boston kama karatasi ya peke yake. Likachapwa tena katika miji mingine, na mwaka uliofuata likafika London. Ndilo lililompa jina. Ndani yake anamfanya mhubiri yule awaite Waafrika moja kwa moja waje kwa Mwokozi. Nalisoma nikijua kwamba Whitefield huyohuyo alikuwa ametetea utumwa uruhusiwe Georgia, na alikuwa na watumwa kwenye mali ya kituo chake cha yatima. Binti mtumwa alimtilia marehemu kinywani maneno mapana kuliko maisha yake, na watu weupe wa Boston wakayanunua.

Wakayanunua yalipokuwa karatasi moja ya sarafu chache. Mwaka 1772 mpiga chapa wa Boston alipotangaza kitabu kizima cha mashairi ya binti huyu na kuwaita watu wajiandikishe, majina hayakutosha. Ndiyo sababu kitabu kilichapwa London.

Nenda sasa Philadelphia, mwaka 1793. Homa ya manjano iliingia mjini mwezi Agosti, na kufikia Novemba watu wapatao 5,000 walikuwa wamekufa katika mji wa watu kama 50,000. Wenye uwezo walikimbia. Kwa kuwa iliaminika kwamba ugonjwa huo hauwapati watu weusi, viongozi waliwaomba Absalom Jones na Richard Allen, waliokuwa wameanzisha Free African Society, chama cha kusaidiana cha watu weusi huru, mwaka 1787, wawahimize watu wao wauguze wagonjwa na kuzika maiti. Wakafanya hivyo, na wengi wao wakafa vilevile, kwani dhana ile ilikuwa ya uongo.

Mathew Carey, mpiga chapa na muuza vitabu mashuhuri wa mji huo, mtu ambaye mwaka 1790 alikuwa ametoa Biblia ya Kikatoliki ya kwanza kuchapwa Marekani, aliandika kijitabu kuhusu tauni hiyo. Kilitoka matoleo manne kati ya Novemba 1793 na Januari 1794. Humo aliandika kwamba baadhi ya weusi waliouguza walitoza malipo ya kunyonya, na wengine waliiba. Jones na Allen aliwataja kwa majina na kuwasifu.

Wale wawili hawakukubali kusifiwa peke yao huku watu wao wakipakwa matope. Mapema mwaka 1794 walitoa kijitabu chao wenyewe, na ndicho chapisho la kwanza la waandishi weusi kupata hakimiliki nchini humo. Nimesoma majibizano mengi ya wanadini, na machache yana utulivu kama ule. Wanataja wauguzi waliokataa malipo, na mizigo waliyobeba. Wanaweka hesabu yao hadharani: walipokea pauni 233 na ushee, wakatumia pauni 33 kwa majeneza ambayo hawakulipwa, na pauni 378 kwa ujira wa watu watano waliowasaidia kubeba maiti. Mfukoni mwao ziliwatoka pauni 177 na ushee. Halafu wanamgeukia muuza vitabu. Wanasema Carey aliteuliwa katika kamati ya kusaidia mji, kisha akauacha kwa kipindi; na kwamba wanaamini amepata pesa nyingi zaidi kwa kuuza maandishi yake kuliko walizopata wanyonyaji kumi na wawili wakubwa miongoni mwa wauguzi weusi.

Sentensi hiyo ina uzito. Kwa mara ya kwanza ninayoijua katika historia ya chapa ya nchi ile, wachungaji wawili weusi wanamuuliza mchapishaji wa vitabu vitakatifu swali la hesabu: wewe umepata kiasi gani kutokana na msiba huu, na sisi tumepoteza kiasi gani? Tena wanamuuliza kwa kijitabu kilichochapwa mji uleule. Mwishoni wameweka maneno kwa wenye watumwa, wakiwataka wawafundishe watoto weusi kama wanavyowafundisha wao kabla ya kusema kwamba Mwafrika hana akili. Hakuna jumuiya ya wafadhili iliyolipia karatasi ile. Ndiyo maana kila neno liliweza kukaa mahali pake.

Carey huyohuyo ndiye aliyemtuma barabarani mtu ambaye kwetu tungemwita machinga wa vitabu kwa haki zote. Mason Locke Weems alikuwa kasisi wa Kianglikana kutoka Maryland. Kuanzia miaka ya 1790 hadi alipofia Beaufort, South Carolina, mwaka 1825, alizunguka na gari la farasi kati ya New York na Georgia akiuza vitabu, vingi vikiwa vya Carey. Alichukua mali kauli: unapewa mzigo, unauza, ndipo unaleta pesa. Alifungua masanduku siku za mahakama, siku za uchaguzi na penye mikutano ya dini. Ilipotokea nafasi ya kuhubiri alihubiri, na mahubiri yakiisha vitabu vilikuwa nje vinangoja.

Barua alizomwandikia Carey zinaumiza na kufundisha. Kila mara analalamika kwamba Philadelphia inampelekea vitabu vizito vya theolojia ambavyo mkulima wa Virginia hatavifungua. Anataka vitabu vidogo, vya robo dola, vyenye habari za kumshika mtu wa kawaida, vichapwe kwa wingi na kusambazwa vizuri. Carey alikaa dukani akihesabu shehena. Weems alimtazama mnunuzi usoni. Alichojifunza akakiandika: mwaka 1807 kijitabu kuhusu kisasi cha Mungu dhidi ya wauaji, na mwaka 1812 kingine kuhusu walevi, vyote vikiwa na visa vya damu na majuto. Hivyo ni trakti kwa kila hali, isipokuwa ziliuzwa.

Wala simpambi. Weems ndiye aliyeandika maisha ya George Washington, na katika toleo la 1806 akaingiza kile kisa cha mtoto aliyekata mcheri na kukiri kwa baba yake, kisa ambacho wanahistoria hawajapata ushahidi wake. Soko lilimfundisha kusikiliza watu, na lilimfundisha pia kuwapa walichotaka kusikia, hata kisipokuwa cha kweli. Mambo hayo mawili yalisafiri katika gari moja.

Hofu ya vitabu vya wachuuzi ndiyo iliyozaa trakti ya bure. Uingereza mwandishi Hannah More alianza mwaka 1795 kutoa vijitabu vya bei ya chini vilivyofanana kwa sura na vile vya mitaani, vyenye picha ya ubao juu na kisa ndani, ili kuvisukuma vile vya kipuuzi nje ya soko. Wamarekani wakaiga. Mwaka 1814 ikaanzishwa jumuiya ya trakti ya New England, kazi yake ikifanyika Andover, mji mdogo wa Massachusetts wenye chuo cha wachungaji. Mwaka 1825 ikaungana na wenzao wa New York na kuwa American Tract Society, yenye jengo mtaa wa Nassau, New York. Bei ya kawaida ya trakti ilikuwa kurasa kumi kwa senti moja. Mtu, kanisa au chama cha akina mama kilinunua kwa bei hiyo, kisha kikagawa bure.

Kurasa kumi kwa senti moja haziwezekani kwa njia za zamani, na hapa inafaa tuingie kiwandani. Mpiga chapa wa kale alipanga herufi za risasi moja moja, akachapa nakala zake, kisha akazivunja na kuzirudisha kwenye visanduku, kwa kuwa herufi zilikuwa mtaji wake na hakuweza kuziacha zimekaa. Akitaka kuchapa tena mwakani, alipanga upya tangu mwanzo. Njia mpya ilikuwa hivi: ukurasa ukishapangwa na kusahihishwa, unamiminiwa plasta, plasta ikikauka inakuwa kalibu, kalibu inamiminiwa madini yaliyoyeyushwa, nawe unapata bamba zima la ukurasa. Herufi zinarudi kazini siku hiyohiyo. Bamba linawekwa rafuni, na likihitajika baada ya miaka kumi linashushwa na kuchapwa. Jumuiya ya Biblia ya Philadelphia iliagiza mabamba ya namna hiyo kutoka London mwaka 1812, na jumuiya za trakti zikaikumbatia njia hii kabla ya wachapishaji wengi wa kibiashara. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1820, Daniel Fanshaw wa New York, aliyezichapia American Tract Society na American Bible Society, alikuwa na mitambo ya chapa ya aina ya Treadwell iliyoendeshwa kwa mvuke. Machi 1829 watu wa trakti wakaanza mpango wa kumfikishia trakti kila mwezi kila mkazi wa mji wa New York. Mpango kama huo haukuwahi kufikiriwa na muuza vitabu yeyote, kwa sababu muuza vitabu hubisha hodi penye pesa.

Naliheshimu jambo hilo, tena kwa dhati. Kwa mara ya kwanza maskini wa mtaa wa bandarini alipata kitu cha kusoma bila kuulizwa ana nini mfukoni. Baadaye, kuanzia 1841, jumuiya iliajiri watembezaji, wale ambao kwetu tungewaita wainjilisti wa vitabu, kwa mshahara wa dola 150 kwa mwaka pamoja na gharama za safari. Agizo lao lilikuwa la huruma na la akili: mwenye nacho muuzie, asiye nacho mpe, na kila nyumba kaa, zungumza, omba. Walifika kwenye vibanda vya porini ambako hapakuwahi kuingia kitabu.

Lakini mkono mtupu haulambwi. Mitambo ya mvuke, mabamba, watembezaji, jengo la Nassau, vyote viliishi kwa michango, na michango ilitoka kaskazini na kusini, kwa Wapresbiteri, Wabaptisti, Wamethodisti na wengineo. Ili asikwazike yeyote, katiba ya jumuiya iliweka kamati ya uchapishaji yenye wajumbe wa madhehebu mbalimbali, na kanuni moja: trakti yoyote ambayo mjumbe mmoja tu wa kamati ataipinga, haitachapwa. Katika mambo ya ubatizo na maaskofu, kanuni hiyo ilileta amani. Katika suala la utumwa ilikuwa kufuli, na ufunguo ukawa mikononi mwa mchangiaji mwenye hasira za haraka zaidi.

Hapo ndipo kidole changu kinaposimama. Jumuiya ilitoa trakti dhidi ya ulevi, dhidi ya tumbaku, dhidi ya kucheza dansi, dhidi ya kuvunja Sabato. Kuhusu mama kuuzwa mbali na mwanawe, kimya. Vitabu vya Uingereza vilipochapwa upya New York, sentensi zilizogusa utumwa ziliondolewa. Mwaka 1853 mwanasheria William Jay aliandika barua ya wazi kuishutumu jumuiya kwa hayo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya hiki ulisikika kwenye mashamba ya South Carolina kama kibali.

Tazama hata karatasi yenyewe. Kabla mbao hazijaanza kusagwa, karatasi ya Marekani ilitokana na matambara. Mwaka 1801 Zenas Crane, alipokuwa akianzisha kiwanda chake Massachusetts, alitangaza gazetini akiwasihi akina mama watunze matambara yao. Kadiri miaka ilivyokwenda, matambara hayo yakawa ya pamba zaidi na zaidi, na pamba ililimwa na watumwa wa kusini na kufumwa na viwanda vya kaskazini. Sisi wa pwani tunakijua kitambaa kile kwa jina lake: merikani. Meli za Salem, Massachusetts, zilikileta Unguja na kuondoka na pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Richard Waters wa Salem, mfanyabiashara na mtu wa dini, ndiye aliyekuwa konseli wa kwanza wa Marekani Unguja kuanzia 1837. Na sura tatu za mwanzo za Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, tafsiri ya Ludwig Krapf, zilichapwa mwaka 1847 katika jarida la jumuiya ya wasomi wa Marekani. Njia ya merikani ndiyo njia iliyopitisha lugha yetu kwenda kwenye chapa yao. Nguo ile ikivaliwa Boston hadi ikaisha, ilikwenda kinuni, ikatoka karatasi, na juu ya karatasi hiyo likaandikwa kila jambo isipokuwa alikotoka mtu aliyeichuma pamba.

Wapo walioona na kuchukua njia nyingine. Arthur Tappan, mfanyabiashara wa hariri wa New York, alikuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa jengo la trakti. Mwaka 1833 yeye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa American Anti-Slavery Society, jumuiya ya kupinga utumwa. Naye na nduguye Lewis walibeba walichojifunza kule: mabamba, mvuke, bei ya chini, kusambaza bila kungoja mnunuzi. Mwaka 1835 walianza kupeleka maandishi yao kusini kwa posta, wakilenga wachungaji na watu mashuhuri. Usiku wa tarehe 29 Julai kundi la watu lilivunja posta ya Charleston na kuchukua mifuko, na usiku uliofuata ikachomwa hadharani. Ufundi ulikuwa uleule wa trakti. Kilichobadilika ni kwamba mlipaji alikubali kukasirisha watu.

Na kabla ya Tappan alikuwapo David Walker, mtu mweusi huru mwenye duka la nguo mtaa wa Brattle, Boston. Septemba 1829, mwaka uleule ambao trakti zilikuwa zikigawiwa nyumba kwa nyumba New York, Walker alitoa kijitabu chake kwa wananchi weusi wa dunia, kilichojaa Maandiko na ghadhabu ya nabii. Hakuwa na kamati. Alikuwa na wateja mabaharia waliokuja dukani kununua nguo, na kupitia mikono ya namna hiyo kijitabu kilishuka pwani hadi kusini. Desemba, nakala 60 zilifika Savannah kwa mtumishi wa meli, zikapelekwa kwa mchungaji mweusi wa Kibaptisti, naye akazisalimisha kwa wakuu wa mji. Siwezi kumhukumu mchungaji yule. Aliishi mahali ambapo karatasi iliweza kumuua. Mwezi huohuo bunge la Georgia lilipitisha sheria: adhabu ya kifo kwa kusambaza maandishi ya kuchochea watumwa, karantini kwa meli zenye mabaharia weusi huru, na marufuku ya kumfundisha mtu mweusi kusoma au kuandika.

Soma marufuku hiyo ya mwisho pamoja na ripoti za jumuiya ya trakti, zilizohesabu kurasa kwa mamilioni na kumshukuru Mungu kwa kila moja. Jumuiya iliyojengwa juu ya imani kwamba neno lililochapwa linaokoa roho iliendelea kupokea sadaka kutoka mahali ambapo kumfundisha mtoto herufi lilikuwa kosa la jinai. Sijui maelezo yanayoweza kuliosha hilo. Umoja wa makanisa ni jambo jema, na nimeona watu wema wakiutetea kwa machozi, ila umoja ule ulilipiwa na watu ambao hawakuwa na kiti kwenye kamati.

Mwaka 1857 wanachama walipiga kura kwamba angalau wajibu wa kimaadili unaotokana na utumwa unaweza kujadiliwa, na kijitabu kuhusu wajibu wa mabwana kikaandaliwa. Wa kusini wakapinga, kikazuiwa. Mwaka uliofuata mkutano mkuu ukaiunga mkono kamati iliyokizuia. Mwaka 1859 wenzao wa Boston wakajitenga na kuanza kuchapa wenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kaskazini na kusini, vilikuwa vimebakiza miaka miwili.

Nisingependa msomaji aondoke akidhani nimemwona mfadhili ndiye mbaya na soko ndilo jema. Phillis Wheatley hakuwahi kuwa na mfadhili wa trakti. Alikuwa na soko. Oktoba 1779, akiwa ameolewa na kuitwa Phillis Peters, alitangaza katika gazeti la Boston kitabu cha pili: mashairi 33 na barua 13, kurasa zipatazo 300, akikusudia kukitabaruku kwa Benjamin Franklin. Tangazo lilirudiwa majuma kadhaa, katikati ya vita vya uhuru, pesa zikiwa zimeshuka thamani. Waliojiandikisha hawakutosha. Alifariki Desemba 1784, maskini, na muswada ule haujapatikana hadi leo.